Wasimwite Masika

Kahindo,

Nakuandikia nikiwa dukani, nimekaa juu ya gunia la maharage, kwa sababu nyumbani kwangu mwenyewe hapa Keshero, Goma, sina tena nafasi ya kusema na mwanangu. Wifi yako amekuja kukuchukua, na tangu alipofika amekaa sebuleni kama mlinzi wa benki. Nikikuita uani, anakuja. Nikikufuata jikoni, anakuja kuomba chumvi. Na mimi najijua: nikianza kwa mdomo nitapaza sauti, mtoto ataamka, wewe utalia, naye atayabeba machozi yako mpaka Butembo kama habari. Basi nimechukua karatasi.

Sitakufundisha kumfunga mtoto mgongoni wala kuchemsha maji. Ulikwisha kulea mahali pabaya kuliko nyumba ya wakwe zako. Wala sitasema mengi juu ya safari. Kupitia Uganda kukwepa vita ni mbali, lakini watu wanafika. Nina jambo moja. Jumapili watampeleka mtoto kanisani, na padri atauliza jina. Wakwe zako wamekwisha kulichagua. Wanataka aitwe Masika. Mimi nakwambia mtoto huyu si Masika. Wewe unajua, wao wanajua, mume wako anajua, na nyote mmenyamaza kama watu waliokula nyama ya wizi.

Kwetu Wanande jina la kuzaliwa halichaguliwi kwa uzuri wake, linahesabiwa. Wewe ni Kahindo kwa kuwa ulimfuata mvulana, kaka yako Paluku. Msichana akizaliwa wa kwanza ni Masika. Msichana mwingine akifuata ni Kavira. Hata mlevi wa kule kwetu Kiwanja, akiwa amelala mtaroni, ukimtajia jina atakwambia mtu huyo amezaliwa wa ngapi. Sasa nieleze jinsi watu wanaouza sementi kwa jumla, watu wenye maghala Butembo, wanavyoshindwa kuhesabu mpaka mbili.

Mama mkwe wako alipokuja kukuona maternite, pale wodi ya wazazi, hakuuliza kama umekula. Alimchukua mtoto, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha kama mtu anayekagua noti, akasema, "Uyu njo Masika yetu. Wa kwanza wa mutoto wangu."

Wewe uliangalia shuka. Nikasema mimi: "Mama, uyu ni wa pili. Wa kwanza tulimuzika Kanyaruchinya."

Akatabasamu. Tabasamu lile sijalisamehe na sina mpango huo.

"Mama Paluku," akasema, polepole, kwa ile heshima yake ya kukukanyaga. "Si ni wewe ulisema binti yako hajazaa? Siku ya mahari, mbele ya wazee. Ao ulikuwa unatudanganya?"

Unanijua. Pale sokoni hakuna dereva, mpakiaji wala mkusanya kodi ambaye amewahi kunifunga mdomo. Siku ile nilifungwa. Nilitoka nje kwenda kutafuta maji ambayo hakuna mtu aliyeyaomba. Na niliporudi nilikuta amekwisha kumwimbia mtoto kwa jina lile, na wauguzi wawili wakipiga makofi.

Kwa hiyo tukumbuke mimi na wewe, kwa kuwa wao wana kumbukumbu fupi.

Wewe ulikuwa unamaliza shule pale Kiwanja, baba yako amekwisha kufa, mimi nina kibanda changu cha maharage na viazi ambacho hakuna mtu aliyenisaidia kukijenga. Kambale, huyu mume wako wa leo, alikuwa anakuja na gari la mjomba wake kupakia mazao. Nilimwona anavyokaa kwenye kibanda changu muda mrefu kuliko mzigo ulivyohitaji, nikadhani anapunguziwa bei. Kumbe. Mimba ilipoonekana sikukupiga, unakumbuka; nilipanda juu ya magunia nikaenda mwenyewe mpaka Butembo. Baba mkwe wako alinipokea mlangoni, amesimama, na kijiti cha meno mdomoni. Hakunipa kiti. Alisikiliza yote, kisha akasema, "Mama, vijana wenye kupita Kiwanja iko mingi. Tafuta mwenyewe wa iyo mimba." Akarudi ndani kumalizia chakula chake. Mimi nilirudi juu ya magunia ya chumvi ya mtu mwingine, na njia nzima nilikuwa namjibu mzee yule majibu mazuri ambayo sikuyatoa pale mlangoni.

Halafu vita vikashuka Kiwanja. Nilikuwa nimefunga godoro, wewe ukasema huwezi kulibeba, nikaliacha. Tulitembea na watu wote, wewe umeshika tumbo kwa mikono miwili kama sufuria iliyojaa, mpaka Kanyaruchinya, kwenye yale mawe meusi ya volkano, chini ya hema ambalo maji yalipita juu na chini. Masika alizaliwa humo, mvua ikinyesha. Aliyempokea ni yule mama wa Masisi wa hema la jirani, ambaye mimi na yeye tulikuwa tunagombana kila siku kwa sababu ya mtaro wake wa maji. Alikata kitovu, akamfuta mtoto kwa nguo yake mwenyewe, akaniuliza jina. Nikamwambia Masika. Sikungoja mtu wa Butembo. Jina la hesabu halihitaji ruhusa ya mtu. Mtoto akishatoka, amejihesabu mwenyewe.

Tangu siku ile kambi nzima ikakuita Mama Masika. Pale kwenye foleni ya maji: "Mama Masika, sogeza bidoni yako." Mama Masika, mtoto analia. Mama Masika, nipe moto. Nilikuwa nakutazama unavyoitika. Ulikuwa huna blanketi, huna kiatu cha pili, lakini uliitika kama mke wa gavana.

Mtoto hakumaliza hata mwezi. Kikohozi, baridi, homa. Tulipomfikisha kwenye hema la hospitali, lilikuwa limejaa watoto wa kikohozi kama chake. Ardhi ile haichimbiki. Wanaume walimpangia mawe juu, mmoja mmoja, taratibu, nao hawakuwa hata ndugu zetu.

Na mimi nilifanya nini? Nilirudi hemani nikakwambia usilie, utazaa wengine. Nikawazungukia wanawake wa mahema yale nikawakataza kukuita Mama Masika. Nilikasirika hasa na yule wa Masisi, kwa kuwa yeye alikataa. Alinijibu kwa Kiswahili chake cha kuvunjika kwamba mutu akishazaa, amezaa. Nilimwona mjinga. Mimi nilikuwa nimepanda katika maisha kwa sheria moja: kilichopotea kiache nyuma, anza upya, usiangalie. Kwa sheria hiyo nilifungua biashara kila nilipoporwa. Nikakutendea wewe kama kibanda kilichoporwa.

Sheria yenyewe haikuwa na faida hata kwenye biashara. Tulipoingia hapa mjini na nikaanza tena, nilikuwa nahesabu magunia yaliyofika tu. Yale yaliyooza njiani, mvua ikiwa imeyakuta kwenye vizuizi, niliyatoa kichwani kwa sababu yaliniuma. Nikapanga bei kwa yale mazima. Wateja wakajaa, watu wakanisifu kwamba Mama Paluku anauza vizuri, na mimi nikafilisika huku nimejaa wateja. Ilinichukua muda kukubali kwamba gunia lililooza njiani nalo lilinunuliwa. Ukilificha usilione, linakula yale mengine usiku na mchana. Sasa mtu asiniambie kwamba mtoto ni kitu cha kusahauliwa kirahisi kuliko gunia la maharage.

Tuje kwenye mahari. Nitalisema kama lilivyokuwa, wewe ulikuwepo.

Kambale alirudi kukutafuta mwenyewe, hilo nampa. Alikataa msichana waliyemtafutia, wazee wakalazimika kuja. Lakini hawakuja kuomba msamaha; walikuja kama watu wanaonunua gari lililotumika. Wanaume wamekaa sebuleni na soda zao, mimi na wewe uani na masufuria. Baba yako mdogo, aliyekuwa anasema kwa niaba yetu, akatoka akanifuata kwenye moto. Yeye wakati wa Kanyaruchinya alikuwa Beni, hakumwona Masika, na mimi sikuwahi kumsimulia. Akaninong'oneza: "Shemeji, wanauliza kama binti amekwisha kuzaa. Niwajibu nini?"

Nililiona swali lile lilivyotengenezwa. Waliuliza jambo walilolijua. Tukisema ndiyo, ilibidi baba mkwe wako asimame mbele ya wazee wa pande zote mbili akubali mtoto aliyemkana mlangoni, na alipe mbuzi wa kosa juu ya mahari. Tukisema hapana, anakula kuku wake kwa amani. Na mimi nikapiga hesabu yangu, haraka haraka, mwiko mkononi: binti amepoteza mtoto, mji huu unaweza kukimbiwa kesho, kule Butembo kuna nyumba ya matofali. Wewe ulikuwa umesimama karibu na sahani mikononi. Sikukuangalia. Nikasema, "Waambie hapana."

Ukaweka sahani chini, ukaenda nyuma ya jiko. Nilipokuita kuja kuwasalimu wageni ulikuja umenawa uso. Hukuniambia neno siku ile, na hujaniambia mpaka leo.

Basi ndivyo uongo wangu ulivyowafaa wao kuliko sisi. Wao walipata bibi arusi bila aibu na bila mbuzi wa kosa, na sasa wanautumia tena kupata Masika mpya. Ukimkopesha mtu panga, ujue atalinoa. Nilidhani nanyamazisha jambo kwa siku moja. Kumbe neno la uongo haliishi siku moja, linakaa kwa yule uliyempa, analitunza vizuri kuliko wewe unavyotunza ukweli wako.

Leo asubuhi wifi yako alikuwa ananisaidia kumenya viazi, yaani alikuwa anatupa nusu ya kiazi pamoja na ganda. Akaanza kunifundisha mila, mimi niliyezaliwa Lubero kabla mama yake hajaolewa.

"Mama, tukimwita Kavira," akasema, "watu ya Butembo wataanza kuuliza: sasa Masika iko wapi? Tutajibu nini?"

Nikaosha viazi. Kisha nikamuuliza, kwa upole, kama mtu anayepitisha wakati: "Kaka yako Kambale ni kijana muzuri. Kambale ni jina ya kijana wa pili. Na Mumbere wenu, ule wa kwanza, anafanya kazi gani?"

"Ah, ule alikufa zamani, mama. Akinyonya. Mimi sikumuona."

"Pole. Walikuwa wamemubatiza?"

"Hapana, hawakupata…"

Kisu kikasimama. Akanitazama, kisha akaangalia kiazi, na tangu hapo alimenya bila kupoteza hata ganda moja. Hajaniambia tena habari za mila.

Umeona? Kijana wao aliyekufa akinyonya, bila maji ya ubatizo, anahesabiwa mpaka leo katika jina la mume wako. Kila mtu anayemwita Kambale anamtaja na yule mwingine bila kujua. Binti yetu aliyekufa juu ya mawe hahesabiwi, kwa kuwa kumhesabu kunamrudisha mzee wao pale mlangoni na kijiti chake mdomoni. Hawakukosea hesabu. Wanaijua sana.

Mume wako nilimpigia simu. Alisema, "Mama, mimi sina neno, ni wazee ndiyo wanapanga." Simchukii Kambale. Lakini mwanaume asiye na neno juu ya watoto wake ni kama redio isiyo na betri: unaiweka kabatini, wageni wanaiona, basi. Usingoje aseme yeye kwanza. Akisikia wewe umesema, labda atapata sauti. Alilia Kanyaruchinya nilipompeleka kwenye yale mawe, nilimwona.

Kuna jambo lingine ambalo nadhani hawakulifikiria, au walilifikiria ndiyo maana. Mtoto akiitwa Masika, wewe utaitwa Mama Masika. Na mama mkwe wako, na wauza mboga, na padri, na watoto wa jirani. Utaitika mara ngapi kwa siku? Na kila unapoitika, utakuwa unamwitikia nani? Jina lile ni lako tayari. Ulilipata kwenye foleni ya maji, halikutolewa na tajiri yeyote wa sementi. Wao wanataka kulichukua kwako walioshe, halafu wakupe tena kama zawadi, na wewe useme asante. Na huyu mdogo atakua amevaa jina la mwenzake bila kuambiwa, na siku atakapoambiwa, maana watoto huambiwa, hata kama ni kwa matusi ya mtaani, atakuuliza wewe. Hatawauliza wao.

Mimi nilitaka kukugombeza katika barua hii kwa sababu ya ukimya wako. Nilikuwa nimepanga maneno makali kabisa. Yamebaki machache, na nitakwambia kwa nini. Leo mchana ulipokuwa unamwogesha uani, wifi yako amekwenda kununua vocha, mimi nilirudi kuchukua ufunguo. Nilikusikia. Ulikuwa unampaka mafuta miguuni na unamwambia taratibu: Kavira, leta mguu. Kavira, usinikojolee. Nilisimama nyuma ya mlango na ufunguo mkononi nikakosa pa kwenda. Sikuingia. Nilijua ningeingia ungenyamaza, na kosa la wewe kunyamaza mbele yangu nililitengeneza mimi.

Kwa hiyo sikuandikii kukufundisha jina. Unalijua. Nakuandikia juu ya namna ya kulitoa uani na kulipeleka sebuleni kwa watu.

Ukifika, usibishane nao juu ya ubatizo, wala mila, wala Mumbere. Wao ni wengi, wana kiti na wana mdomo, watasema mpaka mtoto aote meno. Silaha yao ni moja tu, nayo ni neno langu la siku ya mahari. Bila neno lile hawana kitu. Basi livunje. Wakikwambia, "Lakini mama yako alisema," wewe sema: Mama alisema uongo. Usinitetee. Usiseme mama alikuwa na hofu, mama alikosea kidogo, mama alikuwa anatafuta amani. Ukinipamba, wataniingilia kwenye pambo hilo. Sema uongo, kwa sauti, mbele ya baba mkwe wako na wazee aliowaita, kisha kaa kimya uwaache watafute pa kushika.

Unajua nakupa nini. Sokoni hapa watu wananiachia gari zima la mzigo kwa sababu Mama Paluku akisema kesho, ni kesho. Vita vimechukua kila kitu kingine nilichowahi kuwa nacho. Hicho hakikuporwa kwa kuwa nilikuwa nakibeba mdomoni. Butembo na Goma ni soko moja, habari itarudi huku kabla ya mwisho wa wiki, na wako watakaofurahi. Wafurahi.

Nimekwisha kuanza. Jioni hii nimempigia baba yako mdogo nikamwambia nilimtuma na uongo kwa wazee. Akasema nimemvua nguo mbele ya watu. "Sasa unataka nirudi kwa wazee wale niseme nini?"

"Sema wanawake ni waongo," nikamwambia. "Si ndiyo unasemaka siku zote?"

Hakucheka. Lakini wakimpigia Jumamosi, atawajibu ukweli. Ameniapia kwa hasira, na yeye akiapa kwa hasira hutimiza. Wakitaka kurudishiwa mbuzi wao wa mahari, usiwajibu wewe, wape namba yangu. Waje hapa Keshero, tupige hesabu yote tangu Kiwanja, na mbuzi wa kosa akiwemo. Nitawapa viti.

Sijui kama utaweza. Nasema kweli: sijui. Wewe hukuumbwa kama mimi, na kwa mambo mengi namshukuru Mungu kwa hilo. Pengine utafika pale kanisani, padri atauliza, mama mkwe wako atajibu kabla yako, na wewe utaangalia sakafu. Likitokea hivyo sitakulaani, maana nitakuwa najua ulijifunzia wapi. Lakini mimi sitamwita jina lao, hata kwa simu, hata mbele yao, hata akija ameolewa na ana watoto wake.

Na ukiweza, watakuuliza lile swali wanaloliogopa. Masika yuko wapi? Liulizwe. Jibu unalo, unajua hata mawe yamepangwaje. Waambie alizaliwa mvua ikinyesha, akafutwa kwa nguo ya mama wa Masisi, alikuwa na nywele nyingi. Waambie alikuwa wa kwanza. Halafu mnyanyue huyu wa pili, uwape wamshike.

Mimi mama yako, nyanya wa wajukuu wawili.